Penina wa Kitabu na Peninah wa Okware

7 Machi 1965, Jumapili

Wote wanaieleza vibaya. Jua halijatua, na tayari kutoka hapa Buteba mpaka soko la Busia watu wanasema Hana alimrukia Peninah kanisani akamng'oa kitambaa cha kichwa. Uongo. Wengine wanasema Peninah alicheka. Uongo wa pili. Mimi nilikuwa benchi ya mbele, maana mzee kama mimi haketi nyuma na mbuzi, na macho haya, nikiwa Tororo, yalikuwa yanaona treni ikiwa bado iko Nagongera. Kwa hiyo nimenunua daftari. Herufi alinifundisha Rasto, Mkenya tuliyefanya naye kazi ya reli, kwa mkaa juu ya koleo. Shule sikuingia hata siku moja, na nasoma kuliko watu waliokaa darasani miaka saba wakitazama dirisha.

Ukweli ni huu. Mwanangu Okware alikufa Desemba, kichomi, siku nne tu. Ameacha mjane, Peninah, Msamia wa ng'ambo upande wa Kenya, na watoto watatu. Nimebaki na mwana mmoja, Egau. Mke wa Egau ni Akongo wa Kisoko, na jina lake la ubatizo ni Hana. Miaka tisa ya ndoa, mtoto hakuna. Sasa sisi mjane hatumtupi. Wimbi, yaani ulezi wetu, likishavunwa ukoo unakaa, mjane anabeba koti la marehemu, anamvisha yule aliyemchagua, na huyo ndiye anasimamia nyumba yake na watoto wake. Mimi kichwani nilishamaliza. Koti ni la Egau. La nani tena?

Leo Cornelius, mwalimu wa kanisa, akafungua Samweli. Kulikuwa na mtu anaitwa Elkana, ana wake wawili, Hana na Penina. Penina ana watoto, mwenzake tumbo limefungwa, na kila mwaka Penina anamchokoza mpaka analia, chakula hali. Cornelius hakuwa na ubaya, hiyo ndiyo sura ya leo. Lakini kanisa lote liligeuza shingo kama kuku waliosikia mahindi yanamwagwa. Wakamtazama Peninah, wakamtazama Hana, wakarudi kwa Peninah. Hana akasimama polepole, akafunga leso yake vizuri, akatoka. Hakugusa mtu. Mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Mmesikia wenyewe. Jina lake liliandikwa, na kazi yake iliandikwa."

Jioni amemwambia Egau kwamba hilo koti likimfikia begani, yeye anarudi kwao Kisoko.

9 Machi

Mvua. Tumepanda wimbi. Mgongo wangu bado ni wa kijana. Agwang, mke wangu, anasema ndiyo, kijana aliyekufa.

14 Machi, Jumapili

Buteba imekatika vipande viwili. Kisimani kuna upande wa Hana na upande wa Penina, utadhani ni mpira. Watoto wa Okware wakipita wanaulizwa kama mama yao ameshaanza kuchokoza. Mkubwa amempiga mtu ngumi na mimi nimempa muhogo wa kuchoma kwa siri.

Nilimwendea Cornelius nikamwambia, wewe ndiye umewasha moto, lete maji. Akasema yeye amesoma tu. Halafu akanipandishia sauti ya kanisa: hata hivyo Egau hawezi kumchukua Peninah, mtu wa kanisa hana ruhusa ya wake wawili. Nikamuuliza huyo Elkana alikuwa mtu wa kanisa gani. Cornelius alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma, akasema atauliza Tororo.

20 Machi

Mvua ya mawe. Bata mmoja amekufa akishangaa.

2 Aprili

Leo nimekimbia. Mimi Elungat, na magoti haya, nimekimbia kutoka kanisani mpaka nyumbani, na wanawake wa kisimani walinipisha njia wakidhani kuna msiba.

Cornelius amerudi kutoka Tororo. Huko misheni kuna kitabu kinene kinachofungua majina ya Kiebrania, kila jina na tumbo lake. Anasema Waebrania walikuwa kama sisi, jina si la bure, jina linabeba kitu. Na Penina, sikilizeni, Penina maana yake ni lulu. Wengine wanasema marijani, lakini Cornelius anapenda lulu na mimi pia. Hakuna uchokozi ndani yake hata chembe. Hana maana yake ni neema. Lulu na neema! Hayo ni majina ya kugombana?

Buteba nzima hakuna mtu amewahi kuona lulu. Nimewaeleza kwamba ni kama yai la kanga, lakini linang'aa kama mwezi, na kwamba mimi niliwahi kushika moja Tororo, mkono ukanukia siku tatu. Wameamini. Hata mimi nilianza kusikia harufu.

3 Aprili

Kwetu mkwe mwanaume na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Kwa hiyo mimi na Hana tukiwa na maneno, mimi nasimama upande huu wa ghala, yeye anapepeta upande ule, na kila mtu anaongea na ghala. Miaka tisa tumeongea hivyo na ghala halijachoka.

Nikampa habari yangu kama mtu anayemwaga embe mbele ya wageni. Ungo ukanyamaza.

"Kwa hiyo yeye ni lulu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Neema."

Akapepeta kidogo. "Papa, lulu mtu anavaa shingoni watu wote waone. Neema inavaliwa wapi?"

Nimekwenda kusaidia, nimempa mwenzake na mkufu juu.

19 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Amekuja Wanjala, kaka yake Peninah, kwa baiskeli, na fungu la samaki wakavu nyuma. Mtu mkubwa, mpole, anaongea kama anayepima kila neno kama ni bivu. Alikula, akasifu atap ya Agwang, yaani ugali wetu wa wimbi, halafu akafuta mikono akasema lililomleta.

"Mzee, mimi sikuja kugombana. Wimbi likivunwa nakuja tena. Kama kuna mtu wa kusimamia dada yangu, nakunywa pombe yenu narudi. Kama hakuna, nampandisha hapa nyuma nakwenda naye. Hawezi kukaa kama kuku wa barabara."

"Na watoto?"

"Watoto ni wenu. Ng'ombe mlitoa."

Ndani ya nyumba ya Okware chungu kikaanguka. Mtoto wa mwisho wa Okware ana mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya.

25 Aprili

Mvua. Wimbi limefika kwenye kifundo cha mguu. Egau haongei na mtu. Analima kama ardhi imemtukana.

8 Mei

Hana ameondoka. Jana wanawake wawili walimkuta kisimani wakaimba kile kipande cha Samweli, eti wanafanya mazoezi ya kwaya. Asubuhi Egau ameamka, mkeka upande mmoja baridi.

11 Mei

Nimekwenda Kisoko mwenyewe. Egau alitaka kwenda nikamwambia wewe utalia njiani, kaa. Nilipanda lori ya saruji iliyokuwa inarudi tupu Tororo, nimesimama nyuma kama gavana, na kutoka hapo kwa miguu, matope mpaka magotini. Watu wa Kisoko walipoona mzee mweupe wa vumbi juu na mweusi wa matope chini, mbwa wote walinisindikiza.

Nilipewa kiti, nilipewa maziwa. Ghala lao liko mbali, kwa hiyo Hana alikaa nyuma ya mlango wa jikoni na mimi nikakaa nje nimeupa mlango mgongo. Nilianza na mzaha wangu wa fisi na padri, ule ambao haujawahi kunishinda. Sikusikia hata pumzi. Nikaacha fisi katikati ya njia.

Ndipo akaongea, na alivyoongea nitaandika vyote, kwa sababu ni mimi nilisemwa na ni haki.

"Papa, unakumbuka siku ya ubatizo? Mimi nilichagua Agnesi. Nilikuwa nalipenda, lilikuwa jina la bibi mmoja wa hapa aliyekuwa ananipa ndizi. Ukaja wewe na yule mwalimu wa zamani, mkasema hapana, aitwe Hana, kwa sababu Hana wa Kitabu alifungwa halafu akazaa. Mlinipa jina kama mtu anafukia mbegu, halafu anakaa pembeni anatazama udongo. Tangu siku hiyo mnachungulia. Kila mtu akiniita, ananiuliza."

Mbwa mmoja akaja akanilamba matope mguuni.

"Peninah sina chuki naye. Alinikata nywele Okware alipokufa, na wembe wake haukunikwaruza hata mara moja. Lakini akiingia kwetu, hadithi imetimia. Mimi ni Hana, yeye ni Penina, na watu watakaa wanangoja tu mmoja alie."

Ni kweli. Jina ni mimi nilichagua. Nilijisifu nalo soko zima siku hiyo, nikasema nimemchagulia mke wa mwanangu jina lenye mtoto ndani. Nilidhani ni zawadi.

Nilimwambia kwamba namwomba radhi. Ghala au mlango, sijui nani alisikia. Nilirudi bila yeye, na kutoka Kisoko mpaka Tororo sikumdanganya hata mtu mmoja.

14 Mei

Hana amerudi peke yake, na jembe begani. Amemwambia Agwang kwamba amerudia palizi ya wimbi lake, watu wasifikiri vingine. Egau amechinja kuku, na hiyo ndiyo hotuba yake.

22 Mei

Magugu. Ndege. Magugu.

30 Mei, Jumapili

Nisikilizeni sasa.

Baada ya ibada nilimkamata Cornelius nikamwambia, leo hutakula mpaka unisomee hiyo sura mara tano. Alisoma. Mara ya kwanza nilisikia Hana analia. Mara ya pili nilimngoja Penina aseme. Nilitaka kusikia maneno yenyewe, hayo aliyomchokozea mwenzake, maana mimi ni fundi wa matusi nataka kujua kama yalikuwa mazuri. Hakuna. Kitabu kinasema alichokoza, lakini neno lake hata moja hakikuandika. Hana anaongea, Elkana anaongea, kuhani anaongea. Penina ametajwa, amezaa, amenyamazishwa. Watoto wake wana mafungu ya nyama lakini majina hawana.

Mara ya tatu nikasikia nyama.

Nikamwambia Cornelius simama, rudi hapo. Kila mwaka Elkana anakwenda kutoa sadaka, anachinja, anagawa. Penina na watoto wake wanapata mafungu yao. Hana anapata maradufu, kwa sababu Elkana anampenda. Na baada ya hapo ndiyo uchokozi unakuja. Kila mwaka, nyama. Kila mwaka, uchokozi.

Mimi nagawa nyama ya ukoo huu tangu kabla reli haijafika Soroti. Nimegawa ng'ombe kwa watu mia na hakuna aliyeondoka na kinyongo, isipokuwa mmoja, na huyo alizaliwa nacho. Nisikilizeni mimi. Ukimpa mke mmoja maradufu, peupe, mbele ya mwenzake na watoto wake, usiulize kelele inatoka wapi. Huyo mwenzake unamwambia mbele ya watu: wewe umezaa, lakini moyo wangu uko kule.

"Elkana alikuwa mtu mzuri," nikamwambia Cornelius, "lakini kugawa nyama hakujua."

Cornelius akasoma mara ya nne mwenyewe, kwa midomo tu, kidole juu ya mstari. Akasema hili hakuna aliyemfundisha chuoni. Nikamwambia chuoni kwenu nani alikuwa anachinja.

1 Juni

Ghalani. Nimemwambia Hana yote. Ungo ulinyamaza mapema sana leo.

"Rudia pale pa nyama," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo naye alikuwa na lake lililomuuma."

"Naye alikuwa na lake."

Kuku alipita katikati ya maneno yetu. Halafu Hana akauliza kitu ambacho mimi, na akili hii yote niliyopewa, sikuwa nimekifikiria tangu Desemba.

"Papa, na Peninah wetu, kuna mtu amemuuliza anataka nini?"

2 Juni

Sijawahi kusema na Peninah zaidi ya salamu. Nilisimama upande wangu wa ghala kama kijana anayetongoza, nikakohoa mara tatu. Akaja na ungo, ingawa hakuwa na kitu cha kupepeta.

Nilimuuliza. Akageuza ungo mtupu mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Nilifikiri mnanigawa tu, kama hiyo nyama. Hana alinieleza jana."

Kumbe wanaongea. Mimi mkuu wa habari Buteba, sikujua.

"Mimi sitaki bwana wa mtu," akasema. "Nataka nikae katika nyumba ya Okware, nilime, watoto wangu walale mahali ninawasikia wakipumua. Lakini koti lazima limkae mtu, sivyo?"

Nikasema ndivyo, ukoo hautakubali nyumba isiyo na wa kuisimamia.

"Basi niache nifikiri."

Nimebaki hapo naongea na ghala kama nusu saa, yeye alikuwa ameshakwenda.

13 Juni

Cornelius amehubiri nyama. Wanaume wote wametazama viatu, wenye viatu.

27 Juni

Wimbi limeinamisha kichwa. Watoto wa Okware wako juu ya kichuguu tangu alfajiri wanafukuza ndege kwa makopo. Mdogo anapiga kopo hata kama ndege hayuko.

10 Julai

Tumevuna. Wanawake wametembea na visu vidogo tangu Jumatatu. Hana na Peninah wamevuna mstari mmoja, mmoja huku, mmoja kule, wamekutana katikati. Sikusikia walichosema, na nilikuwa nimelala kwenye majani karibu kabisa kwa kusudi hilo.

17 Julai, Jumamosi

Nitaandika taratibu.

Walikuja watu kama mia na hamsini. Wanjala alikuja na baiskeli, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga gunia lililokunjwa vizuri, kiti cha dada yake. Niliona. Wazee wa ukoo walikaa na mirija yao kuzunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi jipya, na mzee Mangeni, ambaye ni mkubwa kuliko mimi kwa mwezi mmoja na hajawahi kuniacha nisahau, akasema mjane aletwe.

Peninah akatoka na koti la Okware mikononi. Lile la kijivu, la kifungo kimoja. Watoto wake watatu walikuwa wamesimama na Agwang. Egau alikuwa kwenye kiti cha mbele, amefumba macho kama mtu anayengoja sindano. Peninah akatembea. Akafika kwa Egau. Akampita.

Watu wakavuta pumzi zote za Buteba.

Akapita wazee. Akanipita mimi. Akaingia upande wa wanawake, kwenye mikeka, wanawake wakivuta miguu, akafika alipokaa Hana, akamwekea koti mabegani.

Kelele ikalipuka. Mangeni akasimama akisema hii haijawahi kutokea, koti ni la mwanaume, mwanamke atasimamia nyumba namna gani, hao watoto wataitwa wa nani. Wengine wakasema Peninah amechanganyikiwa. Wanjala alisimama akashika baiskeli.

Hana akainuka. Mikono ya koti ilikuwa inamning'inia mpaka magotini, alionekana kama mtoto aliyevaa la baba. Akaikunja, mmoja, halafu wa pili, polepole kama siku ile kanisani.

"Nimelivaa," akasema. "Nani analivua?"

Hakuna mtu alisogea. Akaendelea, na hapo hakuongea na ghala, alinitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Watoto wataitwa wa Okware kama walivyo. Atalima hapa, nitalima hapa. Wakiumwa, tutakuwa wawili wa kukesha. Kitabu kilisema Hana na Penina walikuwa na mume katikati. Sisi tumemtoa katikati."

Egau akafungua macho. Wanaapa watu kwamba alitabasamu, na mimi nathibitisha, meno yote.

Sasa niseme siri, maana wengine watajisifu nayo. Hilo la koti lilitoka kwangu. Siku ile ghalani nilimwambia Peninah polepole: mwanangu, koti haliulizi kama bega ni la mwanaume. Nilipanga yote, nikanyamaza kama chui.

Nikamwambia Mangeni ukoo umeona, na kama kuna mtu ana neno aseme kabla ya nyama, kwa sababu baada ya nyama sisikii. Hakusema. Nikachukua kisu. Nimegawa fahali huyo kama sijawahi kugawa. Fungu la Peninah na fungu la Hana niliyaweka kwenye majani mawili ya ndizi, mfupa kwa mfupa, mafuta kwa mafuta, na ulimi nikaupasua katikati peupe, wote wakiona. Kisha nikawaambia wabadilishane majani kama kuna anayeona la mwenzake kubwa. Hana akatazama, Peninah akatazama, wakaanza kucheka, na Hana hajacheka mbele yangu tangu mwaka wa nzige.

Wanjala alikula mara mbili. Jioni alifungua lile gunia, akalijaza wimbi jipya, akaondoka nalo.

18 Julai

Kichwa kinauma. Pombe ilikuwa nzuri.

20 Julai

Hana na Peninah wamegombana leo juu ya kuni, kelele mpaka barabarani. Watu walikuja mbio kusikiliza Samweli, wakakuta ni kuni tu. Saa moja baadaye wanasaga pamoja, na mtoto wa mwisho wa Okware yuko mgongoni kwa Hana, amefungwa na mkono wa lile koti. Hana ameniambia kupitia ghala kwamba watu wakitaka wanaweza kumwita Agnesi. Nimejaribu. Bado ulimi unakwenda kwa lile nililompa mimi, lakini ninaurudisha.

24 Julai

Leo nimemsomea Agwang daftari lote. Herufi hazijui, lakini masikio yake hayasamehe. Alicheka pale pa bata. Pale pa Kisoko aliacha kumenya muhogo. Nilipofika kwenye koti akaniambia nirudie, nikarudia, akaniuliza kwa upole, "Na mkono je?"

Basi sawa. Hilo la ghala nimelitunga. Peninah sikumwambia neno lolote juu ya koti. Walipanga wao wawili, katika wimbi, na mimi nimelala kwenye majani kama mjinga. Na alipompita Egau akawa anakuja upande wangu, nilidhani amenichagua mimi. Mzee wa boma, nani mwingine? Nilivua kofia. Nikanyoosha mkono wa kulia, vidole vimefungwa vizuri, tayari kuingia kwenye mkono wa koti. Akapita. Mkono ukabaki hapo hewani, mbele ya watu mia na hamsini, na baadhi yao wakadhani nabariki, wakainamisha vichwa.

Agwang ndiye alikuja akaushika, akaushusha taratibu, akakaa nao mapajani mwake mpaka mwisho, kama vile ndivyo tulivyokuwa tumepanga.